Jinsi ya kupima kelele za mtaa ili kipimo chako kisikataliwe

Picha ya simu iliyoandika desibeli 83 haithibitishi kitu. Afisa wa mazingira wa kaunti, au wakili wa mwenye baa, atauliza mambo manne: ulipimia wapi, saa ngapi, kwa muda gani, na pale pale palikuwa na desibeli ngapi muziki ulipozimwa? Swali la nne ndilo linalowakwamisha wengi, kwa sababu mtu aliyekosa usingizi hukumbuka kupima kelele na kusahau kupima utulivu. Mwongozo huu unafuata kanuni za Kenya, lakini namna ya kupima ni ile ile ukiwa Tanga, Kampala au Bujumbura.

Kanuni zinasema nini

Kelele nchini Kenya zinasimamiwa na kanuni za mwaka 2009 za udhibiti wa kelele na mitetemo iliyopita kiasi (Tangazo la Kisheria namba 61), zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, maarufu kama EMCA. Baadaye Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikaikabidhi kazi ya kudhibiti kelele kwa serikali za kaunti. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni ofisi ya mazingira ya kaunti, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hufuata.

Kanuni hizo zina njia mbili za kumbana mpiga kelele, na wengi wanaijua moja tu.

Njia ya kwanza ni katazo la jumla la Kanuni ya 3: hakuna ruhusa ya kutoa sauti kubwa isiyo ya lazima inayowaudhi watu, kuwanyima mapumziko au kuhatarisha afya yao. Hapa kifaa cha kupimia si sharti. Kinachotazamwa ni saa ya kelele, umbali kutoka kwenye makazi, kama inajirudia au ni ya mara moja, ukubwa wake, kama imekuzwa kwa spika au mashine, na kama ingeweza kupunguzwa bila taabu wala gharama kubwa. Hoja hii ya mwisho ina nguvu kuliko watu wanavyodhani: spika inayoweza kugeuzwa ielekee ndani kwa dakika tano ni kelele inayoweza kupunguzwa bila gharama.

Njia ya pili ni viwango vya desibeli vya Jedwali la Kwanza:

- Maeneo ya utulivu, na nyumba za ibada: 40 mchana, 35 usiku.
- Makazi, ndani ya nyumba: 45 mchana, 35 usiku.
- Makazi, nje ya nyumba: 50 mchana, 35 usiku.
- Makazi yaliyochanganyika na biashara na sehemu za burudani: 55 mchana, 35 usiku.
- Eneo la biashara: 60 mchana, 35 usiku.

Mchana wa kanuni huanza saa 12:01 asubuhi na kuishia saa 2:00 usiku, yaani saa 14. Usiku ni kuanzia saa 2:01 hadi saa 12:00 asubuhi, yaani saa 10. Kwa maeneo ya ujenzi kuna jedwali lake: karibu na nyumba, shule na hospitali ni 60 mchana na 35 usiku, kwingineko ni 75 na 65, na mchana wa mjenzi huisha saa 12 jioni.

Nyumba za ibada zimo kwenye orodha hiyo kwa sababu zinalindwa dhidi ya kelele za wengine. Hilo haliwapi ruhusa ya kuvuka kiwango cha jirani wao aliye katika makazi.

Ukivuka mpaka kuingia Tanzania, kanuni za 2015 zinaweka 50 mchana na 35 usiku kwa makazi, na 55 na 45 pale makazi yanapochanganyika na biashara na burudani. Uganda nayo ina namba hizo hizo, na kote kuwili usiku huanza saa 4. Tofauti ya kuanza saa 2 na saa 4 ni kubwa kwa mwenye ukumbi wa harusi, kwa hiyo usinakili malalamiko ya jirani wa nchi nyingine.

Namba 35 ni ndogo sana. Feni ya dari peke yake huweza kuivuka. Kwenye barabara ya biashara ya Nairobi au Mombasa, magari ya usiku yataivuka hata baa zote zikifungwa. Si kwamba namba hiyo ni ya kuonea watu: Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 1999, lilipendekeza desibeli 30 chumbani ili mtu alale vizuri. Lakini mwenye baa atasimama mbele ya afisa na kusema, «Hata nikifunga, hapa pana desibeli 47.» Huenda anasema kweli. Usipokuwa na kipimo cha utulivu, hoja yako inaishia hapo.

Vifaa

Mashine ya kupimia sauti huuzwa kwa madaraja mawili ya kiwango cha kimataifa cha IEC 61672. Daraja la 1 ni la maabara na wataalamu wa kesi nzito. Daraja la 2 linatosha kwa kazi za mtaa. Kosa lake katika masafa ya kati, yaani sauti zisizo nene wala nyembamba sana, ni takriban desibeli moja. Mashine za bei rahisi zisizotaja daraja lolote zinaweza kukuongoza wewe, lakini usizitegemee peke yake mbele ya afisa.

Kabla ya kununua au kuazima, hakikisha mashine ina mambo haya: kichujio cha A (kinachoiga sikio na kupunguza besi) na cha C (kinachoiacha besi karibu ilivyo), uwezo wa kuonyesha LAeq (wastani wa nishati ya sauti kwa muda wote wa kipimo, kwa kichujio cha A), na kiwango cha chini cha kupimia kisichozidi desibeli 30. Hili la mwisho hupuuzwa sana. Mashine huwa na mvumo wake wa ndani. Ikiwa mvumo huo ni 30 na sauti halisi ya chumba ni 35, kioo kitaandika karibu 36. Mashine inayoanzia 40 haiwezi kabisa kupima kiwango cha usiku cha Kenya.

Kifaa cha pili ni kalibreta, kikopo kidogo kinachovishwa kwenye maikrofoni na kutoa sauti moja inayojulikana, kwa kawaida desibeli 94 kwa hezi 1,000 (hezi ni mitetemo kwa sekunde). Bila kalibreta huna njia ya kuonyesha kwamba mashine ilikuwa inasema kweli usiku ule. Mashine na kalibreta zinahitaji cheti cha maabara yenye ithibati, na cheti hicho kisiwe kimezeeka. Miaka miwili kwa mashine na mmoja kwa kalibreta ndio mwendo wa kawaida.

Ongeza sponji ya maikrofoni ya kuzuia upepo, stendi ya miguu mitatu, saa iliyo sahihi, na daftari. Usiishike mashine mkononi karibu na kifua, kwa sababu mwili wako hurudisha sauti kwenye maikrofoni na kuongeza namba.

Simu je? Kwa iPhone kuna programu ya bure ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ambayo ilijaribiwa maabara. Simu za Android zina maikrofoni za kila aina, na programu ile ile itatoa namba tofauti kwenye simu mbili zilizo mezani pamoja. Simu inafaa kwa jambo moja: kulinganisha. Simu ile ile, mahali pale pale, muziki ukiwa umewaka kisha umezimwa, itakuonyesha tofauti hata kama namba zenyewe si sahihi. Chini ya desibeli 40 usiiamini. Na desibeli za simu usiziandike kama ushahidi wa kiwango. Ziandike kama sababu ya kumwomba afisa aje na mashine yake.

Mahali pa kupimia

Pimia kwa anayeumia. Kipimo cha mlangoni mwa baa hakisemi chochote kuhusu chumba cha mtoto aliye ghorofa ya pili ng'ambo ya barabara.

Nje, simamisha stendi kwenye uwanja wa mlalamikaji upande unaotazama kelele, maikrofoni ikiwa mita 1.2 hadi 1.5 kutoka chini, na angalau mita 3.5 kutoka kwenye ukuta wowote mkubwa. Ukuta hurudisha sauti: ukiweka maikrofoni mita moja au mbili mbele yake, utapata takriban desibeli 3 zaidi ya stahili. Kwenye ploti zilizobanana nafasi hiyo haipatikani. Basi pimia mita moja kutoka ukutani, toa desibeli 3, na uandike wazi kwamba umezitoa. Ukificha hilo, mtu wa upande wa pili atalifichua na kutilia shaka kila ulichoandika.

Ndani, pimia chumba cha kulala chenyewe. Kaa angalau mita moja kutoka kwenye kuta na mita 1.5 kutoka dirishani. Chukua sehemu tatu tofauti za chumba, kwa sababu besi hujikusanya pembeni na kupotea katikati. Hatua moja inaweza kubadili namba kwa desibeli kadhaa. Madirisha yaache kama yanavyokuwa watu wanapolala. Pwani watu hulala madirisha wazi, na nyumba nyingi zina mianya kati ya ukuta na paa la mabati au makuti, kwa hiyo kufunga dirisha ili «kipimo kiwe safi» ni kupima nyumba isiyo ya mtu yeyote. Andika tu: dirisha wazi, feni imezimwa, friji imezimwa.

Usiku wa kupima, hatua kwa hatua

Vaa kalibreta, washa, na urekebishe mashine mpaka isome 94.0. Andika. Ukimaliza usiku, rudia bila kurekebisha. Tofauti ikizidi desibeli moja kwa mashine ya Daraja la 2, au nusu desibeli kwa Daraja la 1, tupa vipimo vyote vya usiku huo. Inauma, lakini ni afadhali kuliko kuvitetea baadaye.

Weka kichujio cha A, mwendo wa F (wa haraka), na hesabu ya LAeq. Valisha sponji hata kama hakuna upepo.

Kwa kuwa kiwango cha usiku ni wastani wa saa 10, kipimo kisicho na shaka ni cha mashine iliyoachwa ikirekodi kuanzia saa 2:01 hadi saa 12:00 asubuhi. Ukiweza, fanya hivyo. Usipoweza, chukua vipande vya dakika 15 vilivyotawanyika: saa 3, saa 5, saa 7, saa 9, na saa 11 alfajiri. Usichague dakika 15 kali kuliko zote na kuziita usiku mzima.

Wakati wa kupima nyamaza, ondoka mita mbili tatu kutoka kwenye stendi, na sikiliza. Kila kinachoingia kisichohusika kiandike na dakika yake: honi ya matatu, mbwa, ndege inayotua uwanja wa Moi, Mombasa, jirani anayefunga geti. Kikiwa kikubwa, simamisha mashine na uanze kipande upya.

Kuna mambo yanayokufanya ufunge vifaa na kwenda kulala. Upepo unaozidi mita 5 kwa sekunde ni mmoja. Bila kifaa cha upepo, ishara ni bendera nyepesi kuanza kunyooka na matawi madogo kutikisika bila kupumzika. Msimu wa kusi huwa hivyo siku nyingi huko pwani, na minazi yenyewe huchacharika kwa desibeli za kutosha kufunika muziki wa mbali. Mvua juu ya mabati ni jambo la pili. Nyenje na vyura baada ya mvua ni la tatu: sauti yao ya juu huweza kuvuka 35 peke yake, na kichujio cha A hakiipunguzi hata kidogo.

Kisha kipimo cha utulivu, ambacho kitaalamu huitwa kelele za msingi: sauti ya mtaa bila chanzo unachokilalamikia. Mahali pale pale, stendi pale pale, muda ule ule wa dakika 15. Wakati mzuri ni mara tu baada ya muziki kuzimwa. Muziki ukiendelea hadi asubuhi, tafuta usiku mwingine wa kazi saa ile ile ambapo baa imefungwa. Stima ikikatika ghafla, usiridhike na kimya hicho haraka, kwa sababu dakika mbili baadaye jenereta za mtaa mzima zitawaka na hizo nazo si hali ya kawaida. Mashine yenye L90 ni ya msaada hapa: L90 ni kiwango kinachovukwa kwa asilimia 90 ya muda, kwa hiyo haisumbuliwi na gari moja lililopita.

Kama mashine yako haina LAeq, kuna njia. Rekodi kioo chake kwa video ya simu kwa dakika 10, ukianza kwa kutamka tarehe, saa na mahali, kisha ukanyamaza. Kesho yake simamisha video kila sekunde 5 na uandike namba, utapata 120. Ziweke kwenye Excel safu ya A, kisha andika:

=10*LOG10(SUMPRODUCT(10^(A1:A120/10))/120)

Video hiyo ihifadhi, kwa kuwa yenyewe ni ushahidi.

Hesabu

Desibeli hazijumlishwi wala kugawanywa kama shilingi. Muziki ukipigwa kwa desibeli 60 kwa saa nne, kisha saa sita zilizobaki zikawa 40, wastani wa shuleni ungekuwa 48. Wastani halisi wa nishati ni 56. Mwenye baa anayesema «mimi huzima saa sita usiku» amepunguza wastani wa usiku kwa desibeli 4 tu. Amewapa watu saa sita za usingizi, na hilo ni jambo jema la kukiriwa, lakini hajafikia kiwango.

Kutoa kelele za msingi hufanywa kwa tofauti kati ya kipimo cha muziki ukiwaka na kipimo cha utulivu. Tofauti ikiwa 10 au zaidi, namba yako iache ilivyo. Ikiwa 8, punguza 0.7, ikiwa 6, punguza 1.3, ikiwa 5, punguza 1.7, ikiwa 4, punguza 2.2, ikiwa 3, punguza 3. Chini ya 3 usifanye hesabu hii kabisa: chanzo kimefunikwa na mtaa, na namba yoyote utakayotoa ni ya kukisia.

Turudi kwa yule mwenye baa wa desibeli 47. Chumbani, dirisha wazi, baa ikipiga, umepata 54. Baa imefungwa, 47. Tofauti ni 7, unapunguza 1, na baa peke yake inabaki 53. Sasa anaweza kusema mtaa una kelele zake. Wewe unamwonyesha kwamba zake yeye, zikitengwa na za mtaa, zimevuka kiwango cha ndani cha usiku kwa desibeli 18. Lakini kama kipimo kingekuwa 49 kwa 47, usingekuwa na kesi ya desibeli. Ungerudi kwenye Kanuni ya 3, au ungepima besi.

Besi: kelele ambayo kichujio cha A huificha

Malalamiko mengi ya usiku si ya sauti ya mwimbaji. Ni ya mdundo unaotikisa kioo cha dirisha na kuingia kupitia ukuta, wakati mashine inaonyesha namba ya wastani. Sababu ni kwamba kichujio cha A hupunguza hezi 63 kwa desibeli 26. Besi ya desibeli 80 kwenye masafa hayo huandikwa 54. Kuta huzuia sauti nyembamba na kuiachia ile nene ipite, kwa hiyo kinachobaki chumbani ni kile kile ambacho kichujio hakioni vizuri.

Pima mara mbili, mara moja kwa A na mara moja kwa C, kwa kuwa C karibu haipunguzi chochote kwenye hezi 63. C ikizidi A kwa desibeli 15 hadi 20, tatizo lako ni besi, na lazima lisemwe hivyo kwenye malalamiko.

Hapa Jedwali la Kwanza la Kenya lina silaha ambayo ni wachache wanaoitumia. Pembeni mwa safu ya desibeli ipo safu ya NR, kipimo cha kelele kisichotumia kichujio cha A, kinachopima kila oktavu (kundi moja la masafa) peke yake. Kwa makazi usiku ni NR 25, ndani na nje. Kwa hezi 63, NR 25 inaruhusu takriban desibeli 55. Besi yetu ya 80, iliyoandikwa 54 na kichujio cha A, kwenye safu ya NR inakuwa karibu 56, zaidi ya mara mbili ya namba inayoruhusiwa. Ili kuipima unahitaji mashine yenye uchambuzi wa oktavu. Huna haja ya kuimiliki. Mwombe afisa kwa maandishi apime «LAeq pamoja na NR kwa oktavu», kwa maneno hayo hayo. Ombi lenye maneno hayo haliwezi kujibiwa kwa kipimo cha A peke yake.

Mtetemo unaoshikika mkononi ukutani ni suala jingine. Kanuni zinaweka mpaka wa sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa kiwanja cha chanzo, na kifaa chake ni tofauti kabisa. Simu isijaribu.

Daftari

Kwa kila kipimo andika: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali pamoja na mchoro mdogo wenye umbali, urefu wa maikrofoni, umbali wa ukuta, dirisha wazi au limefungwa, hali ya hewa, aina na namba ya mashine, tarehe ya cheti, masomo ya kalibreta mwanzo na mwisho, LAeq, namba ya juu kabisa, kelele za msingi, na kilichosikika. Shahidi mmoja asiye wa nyumba yako atie sahihi. Usiku wa aina tatu hutosha kuanzia: wa kazi, wa Ijumaa au Jumamosi, na wa utulivu.

Hata bila mashine, daftari la siku 14 lenye saa kelele ilipoanza, ilipokwisha, na ilizuia nini (mtoto kulala, mgonjwa kupumzika, mwanafunzi kusoma) lina uzito kwa Kanuni ya 3. Daftari la nyumba tano lina uzito zaidi ya la nyumba moja.

Kabla ya ofisi, zungumza na mwenye chanzo

Nenda mchana, si usiku muziki ukiwaka na wateja wakitazama. Kama ni msikiti au kanisa, pitia kwa kamati au wazee, kwa heshima, na uende na pendekezo: spika ndogo kadhaa zilizoinamishwa kuelekea waumini badala ya pembe moja kubwa ya juu, na spika za nje zibaki kwa mwito tu wakati mawaidha yanasikika ndani. Kwa baa, omba spika zielekee ndani, spika za besi ziondolewe kwenye ukuta wa pamoja na kuwekwa juu ya raba nene, mlango wa upande wa makazi ufungwe baada ya saa 2 usiku, na besi ya chini ipunguzwe kwenye mikisa (mashine ya kurekebisha sauti).

Kupunguza desibeli 10 ni kupunguza nguvu ya spika hadi sehemu moja ya kumi, na sikio huisikia kama nusu. Mteja aliye ndani bado ana muziki wa kutosha. Fanyeni hivi pamoja: mtu mmoja akae na mashine chumbani kwa mlalamikaji, mwingine kwenye mikisa, wapigiane simu huku sauti ikishushwa mpaka namba ikubalike. Bandikeni utepe hapo kwenye mikisa. Bora zaidi ni kifaa cha kikomo kinachofungiwa kwenye boksi, kwa sababu dijei mpya wa Jumamosi haheshimu utepe.

Kwa jenereta, tatizo kwa kawaida ni ekzosi. Kizuia sauti kizuri na bomba lililoelekezwa juu hufanya kazi kubwa kuliko ukuta. Ikiwa nafasi ipo, isogezwe mbali: umbali kutoka chanzo kidogo ukizidishwa mara mbili, sauti hushuka desibeli 6. Barabara ni tofauti. Hushuka 3 tu.

Mahali pa kupeleka

Anza kwa mzee wa mtaa au chifu, na uombe mkutano uandikwe. Kisha barua kwa ofisi ya mazingira ya kaunti, nakala kwa NEMA, ikiwa na daftari, vipimo na mchoro. Taja eneo lako liko daraja gani la jedwali. Usipotaja, upande wa pili utalitaja kuwa ni la biashara. Gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kama ni sherehe au mkutano wa hadhara, uliza kama mwandaaji ana leseni ya muda ya kelele, na soma tarehe, saa na masharti yake. Kwa kelele ya papo hapo usiku, piga polisi na uandikishe malalamiko upate namba ya OB, daftari la matukio la polisi.

Baa ina mlango mwingine ambao watu huusahau: leseni ya vileo. Hutolewa na kamati ya kaunti na huhitaji kuhuishwa. Pingamizi lenye vipimo, likiwasilishwa kabla ya leseni kuhuishwa, husikilizwa kwa makini kuliko barua ya kumi baada ya hapo, kwa kuwa wakati huo kamati inaweza kuweka masharti.

Yote yakishindikana, ibara ya 42 ya Katiba inatoa haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha hasara au madhara. Kesi za namna hii zina Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Mkitunga masharti yenu wenyewe

Chama cha wakazi au usimamizi wa ghorofa za kupanga unaweza kuweka sheria za ndani, mradi zisilegeze kanuni za nchi. «Kelele nyingi haziruhusiwi» haipimiki na huzaa ugomvi. Andika kipimo gani (LAeq ya dakika 15), kinapimwa wapi (chumbani kwa anayelalamika, dirisha wazi), saa gani, kwa mashine ya daraja gani, na kelele za msingi zitatolewa vipi. Wekeni pia kigezo cha tofauti: chanzo kisiinue kelele za msingi kwa zaidi ya desibeli 5 usiku. Kigezo hiki husaidia sana karibu na barabara kuu, ambako kubishana juu ya 35 hakuishi. Mlio wa aina moja, kama wa mashine ya kusaga, na ule wa kugonga, kama wa fundi wa mabati, huudhi zaidi ya desibeli zake. Desturi ya wapimaji ni kuuongezea 5 kwenye hesabu.

Makubaliano yakifikiwa, rudi kupima baada ya wiki mbili: stendi pale pale, siku ile ile ya juma, saa ile ile, dirisha kama lilivyokuwa. Andika namba mpya chini ya ile ya zamani kwenye karatasi moja, kila upande utie sahihi, na chifu abaki na nakala. Baa ikibadilisha spika au ikijenga upande mpya, kipimo hicho kirudiwe.